Je, Uvumbuzi Wako Umeshavumbuliwa?

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao makuu Munich, Ujerumani, ilitoa hataza namba EP 0436257 kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya kemikali ya W. R. Grace. Kilichokuwa kimelindwa ni njia ya kuzuia ukungu unaoshambulia mimea kwa kutumia mafuta ya mbegu za mwarobaini. Mti huohuo unaotoa kivuli katika nyua za Tanga, Lamu na Unguja, na ambao majani yake yamechemshwa na vizazi vya bibi kwa ajili ya homa, ukawa umepata wenyewe kisheria katika jambo hilo moja, ndani ya nchi za Ulaya zilizohusika.

Pingamizi liliwekwa mwaka 1995 na watu wa pande tatu: Vandana Shiva, mwanaharakati wa India, Magda Aelvoet, mbunge wa Chama cha Kijani katika Bunge la Ulaya, na shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM. Mei 2000 hataza ikafutwa. Wenyewe wakakata rufaa, na tarehe 8 Machi 2005 rufaa hiyo ikatupwa. Kilichoiangusha hakikuwa hataza nyingine. Kilikuwa ushahidi wa mtu wa kiwandani kutoka India, aliyeonyesha kwamba dawa ya namna ileile ilikwisha kujaribiwa katika mashamba ya jimbo la Maharashtra mwaka 1985 na 1986, miaka kadhaa kabla ya maombi kufika Munich.

Manjano nayo yalipita njia hiyohiyo. Machi 1995 Marekani ilitoa hataza namba 5,401,504 juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la India, CSIR, likaipinga kwa kuwasilisha marejeo 32, mengine ya karne nyingi zilizopita na mojawapo likiwa makala ya mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 madai yote yakakataliwa.

Visa hivi viwili husimuliwa sana kama habari za wizi wa maarifa, na ni haki visimuliwe hivyo. Lakini vina upande mwingine ambao fundi, mwanafunzi wa uhandisi au mjasiriamali wa Afrika Mashariki anapaswa kuuangalia kwa makini: wakaguzi walipekua, na hawakukiona kitu kilichokuwapo. Kama ofisi zenye wataalamu na kompyuta zinaweza kupitwa, mtu anayefanya kazi peke yake karakanani anaweza kupitwa zaidi. Na yeye akipitwa, anayeumia ni yeye: akiba yake, miaka yake, na ada alizolipa kwa kitu ambacho mwingine alikwisha kukisajili Taiwan au Brazili.

Hataza ni haki ya muda ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kuuza au kutumia uvumbuzi wake bila idhini, naye kwa upande wake anaueleza hadharani kwa undani kiasi cha fundi mwingine kuweza kuutengeneza. Kwa kawaida muda huo hauzidi miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Ili kuipata, uvumbuzi lazima uwe mpya, na upya huo hupimwa kwa dunia nzima. Haitoshi kwamba hakuna aliyewahi kukiona kitu hicho Morogoro au Kisumu. Kijitabu kilichochapishwa Japani mwaka 1962, video iliyowekwa mtandaoni na kijana wa Manila, tasnifu iliyolala katika maktaba ya chuo kikuu, bidhaa iliyouzwa sokoni Kerala: chochote kilichofikia umma kabla ya tarehe ya maombi kinaweza kuua ombi la hataza. Jumla ya hayo yote wataalamu huiita ujuzi uliotangulia, na kuupekua huo ndiyo kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa karibu: mashine ya kukuna nazi. Fundi amechoka kuona watu wakikalia mbuzi kila siku, vidole vikichubuka. Amefunga mota ndogo kwenye kikuno chenye meno, akaweka kishikio kinachobana kifuu ili mkono usiguse meno, na chini yake bakuli la kupokea nazi iliyokunwa. Majirani wanamwambia hawajapata kuona kitu kama hicho. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye karatasi, kabla hajagusa kompyuta. Aandike kitu chake kinafanya nini, kina sehemu zipi, na sehemu ipi hasa anaamini ni yake. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanatafuta jina la kitu badala ya kutafuta kazi yake. Huenda mota si mpya, kikuno si kipya, bakuli si jipya, ila namna kishikio kinavyosogea chenyewe kadiri nyama ya nazi inavyopungua ndiyo mpya. Basi kitu cha kupekuliwa ni kishikio hicho, na si mashine nzima.

Baada ya hapo huja maneno. Hati nyingi za hataza zimeandikwa kwa Kiingereza, Kichina, Kijapani, Kikorea, Kijerumani na Kifaransa, na maneno yake hayafanani na ya sokoni. Anayetafuta "coconut grater" pekee ataziacha hati zinazosema "scraper", "shredder" au "apparatus for removing coconut meat". Mawakala wanaoandika hati hizi hupendelea maneno mapana ili ulinzi nao uwe mpana, hivyo mtego wa panya unaweza kuitwa kifaa cha kunasia wanyama, na mpira ukaitwa kitu cha duara cha kuchezea. Inafaa kutengeneza orodha ya visawe kwa kila sehemu, kisha kuvichanganya. Kanzidata nyingi zinamruhusu mtafutaji kufunga maneno kwa alama za kunukuu ili yasitenganishwe, na kuweka kinyota mwishoni mwa mzizi wa neno ili yaje maumbo yake yote.

Milango ya kuingilia ni mitatu mikubwa, na yote ni bure. Google Patents, iliyozinduliwa mwaka 2006, ni rahisi kuliko zote kwa anayeanza: unaandika kama unavyoandika katika utafutaji wa kawaida, na hati nyingi huja na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mashine. Espacenet ni ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ilianza mwaka 1998 na sasa ina zaidi ya hati milioni 150 kutoka pande zote za dunia. PATENTSCOPE ni ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, la Geneva. Hii ya tatu ndiyo nyumbani kwa maombi ya kimataifa yanayopitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, PCT, ambayo huchapishwa humo kila Alhamisi, na ina pia makusanyo ya nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, pamoja na yale ya ARIPO, shirika la kanda lenye makao yake Harare. Busara ni kutumia zote, kwani kila moja ina mapengo yake.

Maneno pekee, hata yakichaguliwa vizuri, hayafiki mbali. Siri ya wapekuzi waliobobea ni ainisho.

Kila hati ya hataza hupewa alama kulingana na fani yake, kwa mfumo wa kimataifa ulioanzishwa kwa Mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1971. Mfumo huo una sehemu nane, kuanzia A hadi H, na chini yake vijisehemu zaidi ya 70,000. Tangu mwaka 2013 Ulaya na Marekani zinautumia pia mfumo wa pamoja uliochanganuliwa zaidi, wenye vijisehemu takriban robo milioni. Sehemu A ni mahitaji ya binadamu. Ndani yake A47J ni vyombo vya jikoni, na A47J 43/25 ni vifaa vya kukunia. Kwingineko kidogo, A23N 5/03 ni mashine za kufua na kupasua nazi. Mtu fulani mahali fulani duniani alikaa akafikiri kwamba nazi inastahili nafasi yake peke yake katika orodha hiyo, na kwa fundi wetu nafasi hiyo ni dhahabu. Akiifungua, zitamjia hati za Thailand, India, Ufilipino, Brazili na Uchina bila yeye kujua hata neno moja la Kithai au Kireno, kwa kuwa alama ni ileile kila nchi. Michoro nayo haihitaji mkalimani.

Alama hizo hazikaririwi. Njia rahisi ni kutafuta kwanza kwa maneno hadi ipatikane hati moja inayokaribiana na wazo, kuangalia alama zilizoandikwa juu yake, kisha kuzibofya. Hati moja nzuri huzaa nyingine kumi.

Ukurasa wa kwanza wa hati una habari nyingi kuliko unavyoonekana, na ukishazoeleka unasomeka hata kama umeandikwa kwa lugha ngeni. Pembeni mwa kila kipande kuna tarakimu ndogo zinazofanana duniani kote. Namba 54 ni jina la uvumbuzi, 57 muhtasari, 72 mvumbuzi, 71 mwombaji, 51 ainisho la kimataifa. Namba 22 ni tarehe ya kuwasilisha maombi, na 30 ni habari za ombi la kwanza kabisa, lile ambalo tarehe yake hutumika kuamua nani alitangulia. Namba 56 ni ya kusoma kwa utulivu, maana inaorodhesha hati ambazo mkaguzi alizitumia kulinganisha. Nyuma ya namba ya hati kuna herufi: kwa hati za Ulaya, A ina maana ya maombi yaliyochapishwa tu, na B ina maana kwamba hataza imetolewa. Wengi hukata tamaa bure kwa kuona A wakidhani ni hataza kamili, kumbe ni ombi ambalo huenda lilikataliwa zamani. Hata hivyo, kama ushahidi wa ujuzi uliotangulia, ombi lililokataliwa lina nguvu sawa na hataza iliyotolewa. Limeshachapishwa, na hilo latosha.

Marejeo hayo hufuatwa mbele na nyuma. Nyuma ni hati za kale zilizotajwa ndani ya hii. Mbele ni hati mpya zilizoitaja hii. Google Patents na Espacenet zinaonyesha pande zote mbili. Ripoti ya upekuzi ya mkaguzi, ambayo kwa maombi ya kimataifa huambatanishwa na hati, ina herufi za kuangaliwa kwanza. X ni hati inayoweza peke yake kuondoa upya au ubunifu wa jambo linalodaiwa. Y ni hati inayoleta madhara ikiunganishwa na nyingine. A ni ya kueleza mazingira tu. Fundi anayepekua kazi yake mwenyewe anaweza kuiga utaratibu huohuo: kila hati anayoiona aipe X, Y au A, aandike namba yake, tarehe yake, na sentensi moja ya sababu. Kupekua bila kuandika ni kujitakia kazi ya kurudia.

Sehemu ngumu kuliko zote ni madai, zile aya zenye namba mwishoni mwa hati. Maelezo na michoro huonyesha uvumbuzi. Madai ndiyo huweka mpaka wa kinacholindwa. Kila dai ni sentensi moja, wakati mwingine yenye urefu wa nusu ukurasa, na kila kipande chake kina uzito. Dai likisema mashine yenye mota, kikuno kinachozungushwa na mota hiyo, kishikio chenye springi na bakuli linalotoka, basi kwa kawaida mashine isiyo na kishikio chenye springi haiingii ndani ya dai hilo. Lakini kwa swali la upya mambo hugeuka: hapo husomwa hati nzima, na mchoro mmoja ambao haukudaiwa popote unaweza kuonyesha kwamba wazo lilikwisha kujulikana. Haya ni maswali mawili tofauti. Moja linauliza kama fundi anaweza kupata hataza. La pili linauliza kama anaweza kutengeneza na kuuza bila kushitakiwa. Mtu anaweza kupata jibu zuri kwa moja na baya kwa lingine, na kwa swali la pili ni vema kumwona wakala wa hataza kabla ya kuweka fedha nyingi.

Kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Hataza ina mipaka ya nchi. Iliyotolewa Marekani pekee haimzuii mtu wa Mwanza kutengeneza na kuuza kitu hicho Mwanza, ingawa akitaka kukiuza Marekani itambana. Na hataza hufa. Muda wake ukiisha, au mwenyewe akiacha kulipa ada za kila mwaka, maarifa yale yanakuwa ya umma. S. Scott Crump wa Marekani aliwasilisha mwaka 1989 ombi juu ya namna ya kuumba vitu kwa kuyeyusha plastiki tabaka juu ya tabaka, akapata hataza namba 5,121,329 mwaka 1992. Ilipomalizika mwaka 2009, mashine za kuchapa vitu kwa njia hiyo zilishuka bei na kusambaa, hata zikafika mikononi mwa wanafunzi na mafundi ambao zamani wasingethubutu kuulizia bei. Kila aliyesoma hati ile aliikuta kazi imeelezwa hatua kwa hatua.

Kwa hiyo upekuzi unaomletea mvumbuzi habari kwamba kitu chake kimeshavumbuliwa si lazima umvunje moyo. Jiko la kauri la Kenya, ambalo limepunguza mkaa katika mamilioni ya nyumba, lilipata umbo lake mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kurekebisha jiko la ndoo la Thailand ili lifae masufuria na mapishi ya hapa. Fundi wa nazi akikuta hati ya Ufilipino ya miaka 30 iliyopita yenye kishikio bora kuliko chake, anaweza kukitumia kishikio hicho bila kumlipa mtu, kisha akaweka nguvu zake katika kile ambacho hati hiyo haikukitatua. Ni huzuni kuona maktaba kubwa hivi, iliyo wazi na isiyo na kiingilio, ikitembelewa na mafundi wetu wachache namna hii.

Kujua kama hataza inaishi na inaishi wapi kunahitaji hatua mbili. Kwanza ni familia yake: uvumbuzi mmoja huweza kuombewa ulinzi katika nchi nyingi, na Espacenet inaonyesha ndugu wote wa hati hiyo. Wakionekana wa Marekani, Japani na Ujerumani tu, na muda wa kuomba kwingine umepita, Afrika Mashariki huenda iko wazi. Ikionekana hati yenye herufi AP mwanzoni mwa namba yake, hiyo ni ya ARIPO, na hataza ya ARIPO inaweza kuwa na nguvu Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania kwa pamoja kulingana na nchi zilizoteuliwa. Pili ni kuuliza katika daftari la nchi husika. Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, na Kenya ni KIPI, yenye ofisi zake South C, Nairobi. Mitandao ya kimataifa haina kila kitu cha nchi zetu, hivyo hatua hii isirukwe. Kwa anayehitaji kushikwa mkono, WIPO imesaidia kuanzisha vituo vya msaada wa teknolojia na ubunifu katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Nje ya hati za hataza kuna bahari nyingine. Mashine nyingi za kukuna nazi hazikuwahi kuombewa hataza. Zinauzwa tu, katika tovuti za biashara za Uchina na India, katika video, na katika maduka ya vyombo. Kama visa vya mwarobaini na manjano vilivyoonyesha, hizo nazo huhesabiwa. India ilijibu pigo lile mwaka 2001 kwa kuanza kujenga maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi, ikayatoa katika vitabu vya Kisanskriti, Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kitamil na kuyaweka katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani ili wakaguzi wayaone. Maarifa ya waganga, wavuvi na wahunzi wa pwani yetu kwa sehemu kubwa bado yako midomoni, mahali ambapo mkaguzi wa Munich hawezi kuyasoma. Kuyaandika ni kazi inayosubiri watu.

Ujuzi uliotangulia unaweza pia kuzalishwa na mvumbuzi mwenyewe. Akipeleka mashine yake kwenye maonyesho ya Sabasaba au kuiweka Facebook kabla ya kuwasilisha maombi, anaweza kuwa ameiua hataza yake kwa mkono wake. Sheria ya Kenya humpa miezi 12 ya kusamehewa tangazo lake mwenyewe, na Marekani hutoa mwaka mmoja, lakini Ulaya kwa kawaida haina msamaha huo. Kumwonyesha mtu mmoja mmoja kwa makubaliano ya siri ya maandishi ni salama zaidi.

Hata aliyepekua kwa uangalifu wote huo ana sehemu moja asiyoweza kuiona. Maombi ya hataza kwa kawaida hubaki siri kwa miezi 18 tangu tarehe ya ombi la kwanza, ndipo huchapishwa. Mtu wa Jakarta aliyewasilisha ombi la kishikio kilekile mwezi uliopita haonekani katika kanzidata yoyote leo, na anaendelea kutoonekana kwa mwaka mzima ujao na zaidi. Kwa sababu hiyo fundi huwasilisha maombi yake mapema anapoona njia ni nyeupe, huhifadhi daftari la maneno na alama alizotumia, kisha hurudia utafutaji uleule miezi sita baadaye na tena miezi 18 ikitimia, kabla hajaagiza chuma cha kutengenezea mashine 500.